Joko la Chumvi na Kihisi cha Oksijeni: Nani Ausome Moto?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mfinyanzi hulia gaeni. Methali hii tumeifasiri madarasani mara nyingi mno kuwa ni kilio cha fundi asiyefaidi matunda ya kazi yake, kisha tukaishia hapo. Ni nadra kumsikia mwanafunzi wa Kiswahili akiuliza swali la pili: gae hilo lilitoka wapi? Chombo kilivunjika lini, na kwa sababu gani? Jibu, kwa sehemu kubwa, limo motoni. Chombo cha udongo hufinyangwa kwa mikono lakini hukamilishwa na moto, na vingi vya vyombo ambavyo havikuwahi kufika sokoni vilifia humo.

Makala haya yanahusu moto huo, na hasa aina moja ya moto iliyo ngumu kuliko nyingi: ule wa joko la chumvi. Kwa muda wa miaka mingi sasa wafinyanzi wa Ulaya na Marekani wamekuwa wakijadiliana iwapo inafaa kutia kihisi cha oksijeni ndani ya joko la namna hii ili kujua hali ya hewa iliyomo wakati wa kuchoma. Msimamo wangu nautangaza mapema ili msomaji asipapase. Kihisi kinafaa, na wanaokipinga kwa hoja kwamba kinaua ufundi wamekosea. Hata hivyo, wanaokishangilia kana kwamba kitamwondolea mfinyanzi dhima ya kutazama nao wamekosea vilevile. Fauka ya hayo, nitadai kwamba suala hili linatuhusu sisi wapenzi wa Kiswahili kwa karibu kuliko tunavyodhani, kwa kuwa ujuzi wa moto hauwezi kurithishwa bila maneno ya kuutajia.

Joko la chumvi ni nini?

Kiswahili kina neno joko, yaani tanuri la kuchomea vyombo vya udongo. Ni neno fupi, zuri na lenye maana mahususi, lakini wengi wetu tunalikuta kamusini tu. Katika makala haya nitalitumia bila kuomba radhi.

Ufundi wa kutia chumvi jokoni ulistawi katika bonde la mto Rhine, Ujerumani, mwishoni mwa Enzi za Kati. Miji kama Siegburg, Köln, Frechen na Raeren, pamoja na eneo la Westerwald, ilipata sifa kwa mitungi na magudulia yake magumu yasiyovuja. Uingereza iliupata ufundi huo baadaye, na mwaka wa 1672 John Dwight alipewa hataza ya kutengeneza vyombo vya aina hiyo, kazi aliyoiendesha huko Fulham, London.

Utaratibu wenyewe unashangaza kwa wepesi wake. Joko hupashwa moto hadi nyuzi 1200 hivi za Selsiasi au zaidi, kisha chumvi ya kawaida, ile ile ya mezani, hutupwa ndani kupitia matundu ya pembeni. Chumvi huyeyuka katika nyuzi 801, kwa hivyo ikifika katika joto hilo kali hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke huo hukutana na mvuke wa maji na kuvunjika. Sehemu yake ya klorini huungana na hidrojeni na kutoka kama gesi ya hidrojeni kloridi, nayo sodiamu hutua juu ya udongo na kuungana na silika na alumina zilizomo. Matokeo yake ni ngozi nyembamba ya kioo, yenye vijidoadoa kama ganda la chungwa, ambayo haikupakwa na mtu yeyote bali imezaliwa na udongo wenyewe ulipokutana na mvuke.

Hapa ndipo ugumu unapoanza. Mvuke haubagui. Kama unavyotua juu ya mtungi ndivyo unavyotua juu ya matofali ya joko, juu ya vibao vya kupangia vyombo, na juu ya kila kitu kilichoachwa humo. Joko la chumvi hujila lenyewe, mchomo baada ya mchomo. Msomaji na akumbuke jambo hili, kwani ndilo kiini cha mgogoro wa kihisi.

Moto uliobanwa na moto ulioachiliwa

Kabla ya kuzungumzia kihisi yafaa tujiulize oksijeni ina kazi gani jokoni. Msomaji wa Kenya hahitaji kwenda maabara ili alielewe hili. Mchoma makaa hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akaacha vitundu vichache tu. Angeyaacha wazi yangeungua yakawa jivu. Kwa kuwa amebana hewa, anapata makaa. Kadhalika, jiko la mafuta ya taa lisilopata hewa ya kutosha hutoa mwali wa manjano na kulipaka sufuria masizi, ilhali likipata hewa mwali wake huwa wa samawati na sufuria hubaki safi. Moto ni ule ule na mafuta ni yale yale. Kilichobadilika ni hewa.

Jokoni mambo huwa makubwa zaidi. Moto uliobanwa, baada ya kumaliza oksijeni ya hewani, huitafuta kwingine. Huinyang'anya hata ile iliyofungamana na chuma ndani ya udongo. Chuma kikiwa na oksijeni ya kutosha hutoa wekundu wa kutu au hudhurungi. Kikinyang'anywa sehemu ya oksijeni hiyo hutoa kijivu, kijani au weusi. Ndiyo maana mitungi ya Westerwald ina ukijivu unaopendeza chini ya mapambo yake ya buluu ya kobalti, ilhali ile ya Frechen inajulikana kwa hudhurungi yake.

Wala hatuhitaji kwenda Ujerumani kuyaona hayo. Wanaakiolojia waliofukua magofu ya Gedi, karibu na Malindi, kuanzia mwaka wa 1948 chini ya James Kirkman, walipata vipande vya vyombo vya Kichina, vikiwamo vile vya rangi ya kijani iliyofifia ambavyo matajiri wa pwani yetu waliviagiza kutoka ng'ambo. Ukijani huo ni chuma kidogo ndani ya kioo kilichochomwa kwa moto uliobanwa. Naye Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950 na ambaye kazi zake zimo katika makavazi makubwa ya dunia, hatii vyombo vyake ngozi ya kioo kabisa. Huvisugua hadi ving'ae, kisha akavichoma. Vikichomwa penye hewa tele huwa na wekundu wa machungwa. Vikirudishwa motoni penye hewa haba huwa vyeusi. Rangi hapa haikununuliwa dukani. Rangi ni kiasi cha hewa.

Hivyo basi, anayechoma bila kujua hewa iliyomo jokoni ni sawa na mpishi asiyejua kama ametia chumvi chunguni. Huenda akabahatika. Huenda asibahatike. Na joko moja linaweza kubeba kazi ya miezi miwili au mitatu.

Macho ya mfinyanzi na mipaka yake

Wafinyanzi wa jadi walijuaje? Walitazama. Palipo na moshi pana moto, lakini kwa mfinyanzi moshi ulisema mengi zaidi ya hayo. Moshi mweusi dohani ulionyesha kwamba hewa imepungua kupita kiasi. Ulimi wa moto uliochomoza katika tundu la kuchungulia ulionyesha kwamba moto unatafuta hewa nje. Rangi ya ulimi huo, urefu wake, harufu iliyouandamana, hata mngurumo wa joko, zote zilikuwa herufi katika kitabu alichokisoma fundi. Mtu asiyeheshimu elimu hiyo hana haki ya kuzungumzia ufinyanzi.

Lakini kuheshimu elimu si kufumbia macho mipaka yake. Kwanza, moshi ni mjumbe anayechelewa. Ukiuona, kosa limekwisha kutendeka. Baina ya moto ulioachiliwa kidogo na moto uliobanwa kidogo hakuna moshi wowote. Joko linaonekana safi katika hali zote mbili, ilhali chuma ndani ya udongo kinaona tofauti kubwa. Pili, ulimi wa moto hudanganya. Unaweza kuchomoza kwa sababu dohani imezibwa na msukumo wa gesi umeongezeka, si kwa sababu oksijeni imekwisha. Upepo ukibadilika, ulimi nao hubadilika. Tatu, mwali unaoonekana wazi usiku hufifia mchana wa jua kali. Nne, na hili ndilo zito, macho hayo hujengwa kwa miaka mingi kando ya bwana fundi. Penye mnyororo usiokatika wa mafundi na wanagenzi, elimu hiyo husafiri. Mnyororo ukikatika, hata kizazi kimoja tu, inazikwa na wenyewe.

Kihisi kinafanyaje kazi?

Kihisi cha oksijeni kinachotumika jokoni, katika umbo lake la kawaida, ni mrija wa kauri ya zirkonia iliyochanganywa na yitria kidogo, uliozibwa ncha moja, na kupakwa platini ndani na nje. Ndani ya mrija huingizwa hewa ya kawaida, ambayo ina oksijeni asilimia 20.9. Nje umezungukwa na gesi za jokoni. Zirkonia ikipata joto huruhusu oksijeni kupita kwa umbo la ioni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Kadiri tofauti ya oksijeni baina ya pande mbili inavyozidi, ndivyo volti inavyopanda. Kanuni inayounganisha tofauti hiyo na volti ilitolewa na Walther Nernst wa Ujerumani mwaka wa 1889, naye alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka wa 1920.

Tukiitumia kanuni hiyo kwa joko lenye nyuzi 1200, tunapata hivi: ikiwa imebaki oksijeni asilimia 2, kihisi kitatoa takriban milivolti 75. Ikiwa oksijeni imekwisha na kaboni monoksidi imefikia sehemu moja kwa kila sehemu kumi za kaboni dioksidi, kitatoa takriban milivolti 600. Baina ya hali hizo mbili, ambazo jicho laweza kushindwa kuzitofautisha, namba inaruka mara nane. Mtu aliye na voltimita ya fundi umeme wa mtaani anaweza kuisoma.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni kwamba kihisi chenyewe ni kauri. Ni udongo mteule uliofinyangwa na kuchomwa. Anayedai kwamba ni mgeni katika nyumba ya mfinyanzi anamfukuza ndugu wa damu. La pili ni kwamba jamaa yake amejaa katika barabara zetu. Kampuni ya Bosch ilikiunda kihisi cha namna hii kwa ajili ya magari, na gari la Volvo lilianza kuuzwa likiwa nacho mwaka wa 1976. Leo magari mengi ya petroli yanayoletwa nchini kutoka Japani yana kihisi hicho katika bomba la moshi, na mafundi wa magari wanakifahamu fika. Kazi yake huko ni ile ile: kueleza iwapo moto umepata hewa ya kutosha.

Hoja za kukiunga mkono

Hoja ya kwanza ni kuni, gesi na fedha. Kaboni ikiungua kikamilifu hadi ikawa kaboni dioksidi hutoa joto lake lote. Ikitoka dohani ikiwa bado kaboni monoksidi, huwa imetoa chini ya thuluthi moja ya joto hilo. Kinyume chake nacho ni hasara: hewa ikizidi, zaidi ya robo tatu ya ziada hiyo ni naitrojeni isiyounguza chochote, ambayo hupashwa moto bure na kutupwa nje. Mfinyanzi anayebana moto kupita haja yake huona joto la joko likikwama kwa saa nyingi, akaongeza kuni, akazidi kulikwamisha. Katika nchi ambamo misitu inalindwa kwa taabu na gesi hununuliwa kwa bei isiyotabirika, kupoteza moto si suala la urembo tu.

Hoja ya pili ni kurudia. Sanaa haidai kila mchomo ufanane na mwingine, lakini humdai fundi ajue kwa nini haukufanana. Mtu aliyeandika namba za kila nusu saa anaweza kuulinganisha mchomo wa Machi na wa Agosti. Asiyeandika hubaki na kumbukumbu, na kumbukumbu zetu hupenda kutusifu.

Hoja ya tatu ni mafunzo. Katika vyuo vyetu mwanafunzi wa sanaa hupata nafasi chache za kuchoma kabla ya kuhitimu. Hawezi kupata kwa michomo minne au mitano kile ambacho mwanagenzi wa bonde la Rhine alikipata kwa miaka. Kihisi kikitumiwa vyema hufupisha njia hiyo.

Hoja za kukipinga, na majibu yake

Wapinzani wana hoja nzito, na si uungwana kuzipuuza.

Wanasema kwanza kwamba chumvi itakila. Ni kweli kabisa. Mvuke wa sodiamu unaoivika mitungi kioo huivika na kauri ya kihisi, huishambulia ala inayokifunika na kuchafua platini yake. Ala za vipimajoto hupata msiba huo huo. Lakini hoja hii haisemi kwamba kihisi hakifai. Inasema kwamba kina wakati wake. Kubana moto kwa ajili ya rangi ya udongo hufanywa mapema, kabla ya chumvi kutiwa, kwa kuwa ngozi ya kioo ikishajifunga gesi haziwezi tena kuufikia udongo vizuri. Kwa bahati njema, basi, wakati ambao kihisi kinahitajika zaidi ni wakati ambao hakuna mvuke wa chumvi. Kitumiwe hapo. Chumvi inapokaribia kutiwa, kichomolewe taratibu kisije kikapasuka kwa baridi ya ghafla, na tundu lake lizibwe. Kuanzia hapo macho yashike usukani.

Wanasema pili kwamba kihisi hupima mahali pamoja tu. Ni kweli pia. Hewa ya jokoni haikuchanganyika sawasawa; juu kunaweza kuwa na oksijeni ilhali chini moto umebanwa. Isitoshe, ufa mdogo karibu na kihisi huingiza hewa ya nje na kukifanya kiseme uongo. Kwa hiyo namba haipasi kupokewa kama wahyi. Ni shahidi mmoja, na mashahidi wengine ni moshi, ulimi wa moto na harufu. Hakimu anayemsikiliza shahidi mmoja huhukumu vibaya, awe shahidi huyo ni jicho au ni chombo.

Wanasema tatu kwamba kipo kitu ambacho kihisi hakiwezi kukijua kamwe, nacho ni unene wa ngozi ya kioo. Hapo nawaunga mkono moja kwa moja. Tangu jadi wafinyanzi wa chumvi huweka jokoni pete ndogo za udongo mbele ya tundu la kuchungulia. Baada ya kila awamu ya chumvi hutoa pete moja kwa ufito wa chuma, wakaiacha ipoe, wakaipapasa na kuitazama. Pete hiyo ndiyo inayosema iwapo chumvi imetosha. Hakuna voltimita ya kuchukua nafasi yake.

Hoja ya nne ndiyo inayosikika sana: kwamba chombo kitaua jicho. Historia inajibu. Mfinyanzi Josiah Wedgwood wa Uingereza aliwasilisha kifaa chake cha kupimia joto kali la joko mwaka wa 1782, na mwaka uliofuata akachaguliwa kujiunga na Royal Society. Mwaka wa 1886 Hermann Seger aliunda huko Berlin koni ndogo za udongo zinazopinda joto lifikapo kiwango fulani, na leo ni nadra kumpata mfinyanzi wa joto kali asiyetumia koni. Wote wawili walikuwa watu wa udongo, hawakuwa wavamizi. Jicho halikufa. Liliondolewa mzigo mmoja, likapata nafasi ya kutazama mengine.

Hata hivyo hatari ipo, nayo hutegemea namna ya kufundisha. Mwanafunzi akikodolea macho namba tu, atakuwa mtumwa wa namba. Napendekeza kanuni moja rahisi: kabla ya kuisoma namba, mwanafunzi aandike kwanza alichokiona. Moshi ni wa rangi gani? Ulimi una urefu gani? Anadhani moto umebanwa au umeachiliwa? Ndipo aisome namba. Akifanya hivyo mara hamsini, kihisi kitakuwa kimelifundisha jicho badala ya kulipofusha.

Ama gharama, kihisi kilichoundwa mahususi kwa ajili ya majoko ni ghali. Kile cha gari ni nafuu, lakini hakiwezi kustahimili joto la ndani ya joko. Sharti kiwekwe mahali ambapo gesi zimekwisha kupoa kiasi, wala zisipungue nyuzi 300 hivi, kwani chini ya hapo zirkonia hunyamaza. Kitaonyesha upande tu, yaani umebanwa au umeachiliwa, pasipo undani mwingi. Kwa anayeanza, kuujua upande ni nusu ya safari.

Tahadhari moja isisahaulike. Kihisi hupima hewa ya jokoni, hakipimi ile tunayoivuta. Moto uliobanwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni gesi hiyo hiyo inayowaua watu wanaolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Hidrojeni kloridi nayo huunguza mapafu na kula mabati. Joko la chumvi ni la uwanjani, penye upepo na mbali na makazi.

Je, lina uhusiano gani nasi?

Wafinyanzi wetu wa Nyanza, Magharibi na Ukambani, wengi wao wanawake, huchoma vyombo uwanjani bila joko wala chumvi, katika joto la chini zaidi. Sidai kwamba waache. Vyungu vyao havikuumbwa kwa ajili ya nyuzi 1200. Ninachodai ni kwamba nchi hii haikosi malighafi ya kujaribia. Chumvi huvunwa Gongoni na Marereni katika pwani ya Kilifi. Magadi, yale tunayoyatia maharagweni, huchimbwa kwa wingi katika ziwa lililopewa jina hilo, na magadi yaliyosafishwa ndiyo ambayo wafinyanzi wengi tangu miaka ya 1970 wameyatumia badala ya chumvi ili kuepuka hidrojeni kloridi. Sodiamu ni ile ile, na tabia ya kukila kihisi ni ile ile. Tukiwa na magadi, udongo na vihisi vya magari, kinachotupungukia ni nini?

Jibu langu ni kwamba tunapungukiwa na maneno yaliyokubaliwa. Mwanafunzi wa sanaa katika chuo cha Kenya hujifunza majoko kwa Kiingereza, akaenda kufanya kazi na mafundi wanaozungumza Kiswahili, na baina yao pakabaki ishara za mikono. Akisema "moto umepunguzwa", kwa kuifuata istilahi ya kikemia neno kwa neno, fundi atazima nusu ya kuni. Umepunguzwa nini? Joto, urefu au hewa? Tafsiri hiyo yaweza kuharibu kazi ya miezi mitatu kwa dakika kumi. Nimetumia hapa moto uliobanwa na moto ulioachiliwa kwa kuwa mchoma makaa atayaelewa bila kamusi. Ni mapendekezo tu, nami nitafurahi wenzangu wakiyakosoa.

Chukua pia kihisi chenyewe. Katika gereji zetu huitwa "sensa", lakini Kiswahili tayari kina sensa, nayo ni ile ya kuhesabu watu. Neno kihisi linakaa vyema katika ngeli yake, linatokana na kitenzi tunachokijua, wala halichanganyi. Lakini halitashika mizizi kwa kuandikwa katika orodha. Litashika likitamkwa na mtu anayehitaji kukichomoa kabla ya chumvi.

Wasomi waliotutangulia walifanya kazi kubwa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka wa 1990 ilithibitisha kwamba sayansi inasemeka kwa Kiswahili. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 imeifanya lugha hii kuwa rasmi na pia ya taifa. Msingi upo. Kilichobaki ni kuyapeleka maneno mahali yanapotumika yakajaribiwe, kama vile chombo kinavyopelekwa motoni. Istilahi ambayo haijawahi kutamkwa penye kazi ni udongo mbichi; inaonekana chombo, lakini mvua ya kwanza itaifumua.

Hitimisho

Nahitimisha kwa mapendekezo matatu. Mosi, idara za sanaa zinazokusudia kujenga majoko ya chumvi au ya magadi zitumie kihisi cha oksijeni katika awamu ya kwanza ya mchomo, zikichomoe kabla ya kutia chumvi, na ziendelee kutegemea pete na macho katika awamu ya pili. Pili, kila mchomo uwe na daftari lenye safu mbili, moja ya lililoonekana na moja ya namba, na daftari hilo liandikwe kwa Kiswahili. Tatu, chama chetu kitume wanachama wake kwa wafinyanzi, hasa wale wazee wanaochoma uwanjani, wakusanye msamiati wao wa moto, moshi na udongo kabla haujapotea. Huenda wana neno bora kuliko yangu la kuuitia moto uliobanwa; na wakiwa nalo, langu lifutwe.

Nani ausome moto, basi, jicho au kihisi? Mfinyanzi ndiye ausome, kwa vyote viwili. Nasi wanafunzi wa lugha tuhakikishe kwamba akimaliza kuusoma ana maneno ya kumweleza aliye kando yake.